Siku Bi Hinde Alipokubali Bei

Ukinunua kitu Mtaa wa Orchard bila Bi Hinde Mandelkorn kando yako, ujue umeibiwa, na waliokuibia watakucheka hadi jioni. Ndivyo tulivyoamini sisi wa mtaa ule, na sijaona sababu ya kubadili imani. Mabibi harusi hawakununua mashuka bila yeye. Wageni walioshuka melini na masanduku yaliyofungwa kwa kamba walielezwa mambo mawili siku ya kwanza: sinagogi iko wapi, na Bi Hinde anakaa ghorofa ya ngapi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkoba mweusi ulioning'inia kwenye kiwiko na macho yanayoona uzi uliokatika kabla hujakunjua kitambaa. Ujana wake wote aliumaliza kiwandani akishona matundu ya vifungo kwenye makoti ya wanaume asiowajua. Mumewe Yoyne, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga pasi na mtu mpole kupita kiasi. Siku moja Yoyne alirudi nyumbani na viatu vipya, vyote viwili vya mguu wa kushoto, amelipa bei kamili na kumshukuru muuzaji. Tangu siku hiyo mkoba ulihamia kwenye kiwiko cha Bi Hinde, haukutoka tena.

Watu hudhani kuvutana bei ni kelele. Bi Hinde hakupiga kelele hata mara moja. Alizungumza na muuzaji kwa kunong'ona, kichwa kimeinama juu ya kitambaa, hata aliye mlangoni akawa anasikia upande mmoja tu: muuzaji akilia, akiapa, akiwaita wazee wake waliozikwa ng'ambo waje washuhudie. "Bei haishushwi na mdomo," alikuwa akituambia. "Inashushwa na miguu." Maana yake ni hii: unagusa kitambaa, unaguna, unamtakia mwenye duka afya njema, halafu unatoka. Unatembea polepole, lakini unatembea kweli.

Na mpaka ulijulikana. Mbele kidogo ya duka la vitambaa la Getzl Tsukerbroyt palikuwa na mapipa ya Perl, muuza matango ya siki. Mteja akishapita pipa la mwisho, basi ameondoka, na heshima haimruhusu kurudi. Kwa hiyo muuzaji alipaswa kumwita kabla hajalifikia. Wengine waliita mapema kwa woga. Getzl, yule mzee mwenye ndevu fupi na futi ya kupimia aliyoishika mkononi hata alipokuwa akinywa chai, alingoja mpaka mkono wa Bi Hinde unakaribia kugusa pipa, ndipo alipotoka mlangoni na kupaza sauti iliyosikika hadi kona ya pili: "Rudi! Rudi, mnyang'anyi wewe! Wanangu wale nini?"

Wanawe walikuwa madaktari wa meno, wote wawili, na walikula vizuri.

Mchezo huu ulichezwa kila Jumapili asubuhi. Jumamosi ni Sabato, mtaa mzima umefungwa, hata paka wanatembea kwa adabu. Jumapili Getzl anapoondoa mbao za dirishani, mteja wa kwanza ni Bi Hinde. Na kwetu mteja anayefungua wiki haachwi atoke mikono mitupu. Akitoka hivyo, biashara inakwenda kombo mpaka Sabato nyingine. Bi Hinde alilijua hilo. Getzl alijua kwamba analijua. Angeweza kufungua akishapita, lakini hakufanya hivyo, na alipoulizwa alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na wakishapatana, alitia mkono kwenye chupa ya vifungo, akamrushia kimoja cha bure juu ya bahasha. "Haya, hiki cha yale matundu yako." Nyumbani Bi Hinde alikuwa na kopo zima la vifungo visivyofanana.

Mwaka ninaousimulia, baada tu ya Pasaka, Bi Hinde alikwenda kwa daktari kwa ajili ya uvimbe chini ya mbavu. Daktari alikuwa kijana, akazungumza naye taratibu kana kwamba ni kiziwi. Alipomaliza, Bi Hinde alimwuliza swali moja tu: je, ataifikia Sikukuu ya Majuma, ile inayokuja wiki saba baada ya Pasaka?

"Labda," daktari alisema. "Ukipumzika. Watu hawafanani."

Neno hilo "labda" Bi Hinde alilizoea kwa wauza nyama, akiuliza kama nyama ni ya leo. Alijua uzito wake. Akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi bila kushika ukuta.

Mjukuu wake Dvoyre alikuwa aolewe mara tu baada ya sikukuu hiyo. Kabla yake haiwezekani; siku zile za katikati sisi hatuozeshi. Na Malke, binti wa Bi Hinde na mama wa bibi harusi, alikuwa mtu wa kulia kabla hajapigwa. Malke akipata habari, Bi Hinde angechukuliwa siku hiyo hiyo, apelekwe nyumbani kwake Brooklyn, alazwe, apewe supu kwa kijiko. Na arusini angekalishwa kwenye kiti chenye mito katikati ya ukumbi, watu wakicheza huku wakimtazama yeye. Bi Hinde aliogopa kufa, tusidanganyane. Lakini kiti kile chenye mito alikiogopa zaidi. Maisha yake yote alikuwa akiwatazama wengine wakivaa makoti aliyoyashona. Alitaka arusi moja tu ambayo watu watacheza kwa furaha na macho yao yatakuwa pale yanapostahili kuwa. Basi akaamua kunyamaza.

Kulikuwa na jambo moja tu lisilongoja. Sanda.

Wapo akina mama wa chama cha mazishi wanaozishona, nao hawabagui. Tajiri na maskini wanavaa sanda moja. Lakini ukiwaendea akina mama wale kuulizia sanda, jua halijazama habari imeshapanda ghorofa zote. Tena Bi Hinde hakuwahi kuvaa kitambaa alichochaguliwa na mtu mwingine, akaona si wakati wa kuanza. Mama yake, kule kwao Poland, alikuwa na sanda yake ya kitani safi chini kabisa sandukuni, akiitoa kila mwaka kuianika. Hiyo aliitaka na yeye. Nguo nyeupe, isiyo na mfuko, isiyo na fundo hata moja la uzi, isiyo na kifungo. Alicheka peke yake jikoni alipolifikiria hilo: nguo pekee duniani isiyohitaji kazi yake ya matundu.

Ila palikuwa na tatizo, na ndilo lililomkosesha usingizi kuliko uvimbe. Kitambaa cha sanda hakivutwi bei. Mtaa ule uliweza kuvutana juu ya samaki, juu ya mahari, hata juu ya mshahara wa mwimbishaji wa sinagogi, lakini si juu ya kitu cha maiti. Mzee wetu Ibrahimu alipotafuta pango la kumzika Sara alitajiwa fedha za kumnyonya, naye akazipima akazitoa bila neno. Wazee wakaongeza lao: anayebishania bei ya sanda anafungua mazungumzo na Malaika wa Mauti, na yule ni mfanyabiashara ambaye hakuiti urudi.

Sasa afanyeje? Akivuta bei, amevunja desturi kwa mwili wake mwenyewe. Asipovuta, Getzl atajua papo hapo, na Perl mwenye mapipa atajua baada yake, na Perl akijua kitu hata Brooklyn wanajua. Bi Hinde kukubali bei ya kwanza ingekuwa habari kubwa kuliko moto. Angeweza kwenda mtaa mwingine, kwa muuzaji asiyemjua, lakini kitani kizuri kilikuwa kwa Getzl, na hilo nalo alilijua. Sabato nzima, Mungu amsamehe, alisali aombe kitu kimoja: kwamba kesho Getzl, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ataje bei ya haki.

Jumapili ikafika na jua lake. Perl alikuwa anafunua mapipa, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Getzl aliegemeza ubao wa mwisho ukutani, akamwona.

"Bi Hinde! Nilisikia kimya, nikadhani umekufa. Nikaanza kufurahi."

"Nife nikuachie mtaa uibe peke yako?" Bi Hinde akasema, akapita ndani.

"Haya. Leo unaninyang'anya nini?"

"Kitani. Cheupe. Kitambaa cha meza, arusi ya Dvoyre."

Getzl akashusha jora kutoka rafu ya juu, akalikunjua mezani kwa mkono mmoja kama mtu anayetandika kitanda. Bi Hinde akakigusa. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa baridi na kizito, na nyuzi zake zimekaa sawa, na kwa muda alisahau alikijia kwa ajili ya nini, akafurahi tu kama anavyofurahi mtu aliyeshika kitu kilichofumwa vizuri.

"Bei?"

Getzl alivuta pumzi. Wiki nzima alikuwa amengojea pumzi ile. "Dola sita yadi."

Nje, mfuniko wa pipa ulianguka. "Sita!" Perl alipiga kelele. "Mama wee! Leo humo ndani patawaka!"

Kitambaa hakikuwa na thamani ya nusu ya hiyo. Wote watatu walijua. Ile haikuwa bei, ilikuwa "karibu, ingia ndani, tuanze." Bi Hinde alisimama mkono wake ukiwa juu ya kitani. Alilifikiria pango la Sara. Akaufikiria mwili wake ndani ya nguo iliyoombewa nafuu.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Nikatie."

Getzl akacheka. "Nikatie, anasema! Hujaniuliza hata kama kimefumwa na malaika."

"Nikatie, Getzl." Akamtajia urefu.

"Urefu wote huo? Kwa meza gani hiyo, unalisha jes..." Getzl alisema. Urefu ule aliujua. Aliwahi kuukata, kutoka jora kama lile, kwa ajili ya marehemu mkewe Bashe, na siku ile hakuna aliyemtajia bei. Akamtazama Bi Hinde. Bi Hinde akaitazama futi.

Kivuli kikaingia mlangoni. Perl alikuwa amekuja na maji ya siki yakimdondoka vidoleni. "Mbona kimya? Amesemaje? Bibi wee, umekubali? Amekubali sita?"

Bi Hinde hakugeuka. Alihesabu kwamba kabla ya saa sita Malke atakuwa analia ndani ya treni.

Getzl akaipiga futi mezani kwa nguvu hata vifungo vikarukaruka ndani ya chupa. "Amekubali nini!" akanguruma, akazunguka meza na kusimama katikati yao, mapana yake yote yakiziba mlango. "Siki imekuziba masikio wewe! Mwanamke huyu ananichinja! Nne! Unaniambia nne, Bi Hinde, asubuhi hii, sijanywa hata chai?"

Bi Hinde hakuwa amesema kitu. Lakini kwa kuwa siku zote hasikiki, Perl aliona kila kitu kiko mahali pake. Akacheka, akarudi nyuma hatua mbili kusimulia wapita njia.

"Getzl," Bi Hinde alinong'ona, na safari hii alinong'ona kweli. "Acha. Nitalipa uliyosema. Hiki hakipunguzwi."

"Nani amepunguza? Wewe umepunguza?" Getzl naye akanong'ona. "Ninajipunguza mwenyewe. Duka langu, mdomo wangu." Kisha kwa sauti ya mtaani: "Tatu na nusu! Baba yangu huko alipo anajigeuza kaburini!"

"Ulisema sita."

"Niliposema sita nilikuwa nacheza. Kwa hili hatuchezi."

Basi, alikuwa amelisema. Bi Hinde alishika ukingo wa meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kwa daktari mtu mwingine kulijua jambo lile, na ajabu ni kwamba mzigo ulipungua.

"Ibrahimu hakurudishiwa chenji," alisema.

"Ibrahimu hakununua kwangu. Tatu! Haya, nimalize! Chukua na meza! Chukua na viatu vyangu!"

"Usinipe bure, Getzl. Sitalala ndani ya sadaka."

"Nani amesema bure? Bei yake. Ile yenyewe, ninayolipa mimi, bila senti ya kwangu juu." Akainama, akamtajia sikioni.

Bi Hinde akanyanyua kichwa polepole. Miaka miwili nyuma alinunua kitani hicho hicho kwa ajili ya mashuka ya Malke. Alimvuta Getzl siku ile mpaka akatokwa na jasho, akarudi nyumbani mshindi, mtaa mzima ukampongeza. Na bei ile ya ushindi ilikuwa bado iko juu ya hii, tena juu sana.

"Mwizi wewe," alinong'ona. "Miaka yote hii."

"Miaka yote hii," Getzl akakubali.

"Nilidhani ninakufikisha mwisho."

"Mwisho wangu hujawahi kuuona, Bi Hinde. Mimi pia nina watoto."

Bi Hinde akacheka. Hakutaka, lakini alicheka mpaka mbavu zikamuuma pale penye uvimbe, na Getzl akaanza kulia, machozi yanashuka kwenye ndevu huku mdomo wake ukiendelea kupiga makelele kwa faida ya Perl: ameuawa, amefilisiwa, nani atamlisha uzeeni. Wapita njia walisimama kusikiliza. Mmoja alisema hajawahi kumsikia mzee yule akiombolezea bei vizuri hivyo.

Alipomaliza alikata. Alikata taratibu, akifuata uzi, akakunja kitambaa mara nne na kukifunga kwenye karatasi. Mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya vifungo kama ulivyozoea. Ukakaa pale juu ya mdomo wa chupa, kisha ukarudi mtupu.

"Mama yangu," alisema, macho kwenye kamba aliyokuwa akifunga, "alinunua ya kwake akiwa kijana kuliko wewe. Ilikaa sandukuni mpaka ikageuka manjano. Ikabidi anunue nyingine. Alinung'unika mpaka siku ya kufa kwamba hasara hiyo ni yangu, kwa kuwa nilimuuzia mimi."

"Ulimpunguzia?"

"Mama yangu? Alinilipa na kunitukana."

Bi Hinde akalipa. Akautia mkoba kwenye kiwiko na kifurushi kwapani, akatoka kwenye mwanga.

"Umemfikisha wapi leo?" Perl akauliza, macho yanang'aa.

"Nimemvua nguo, mwenzangu. Nimemwachia futi tu."

"Alijitakia! Sita!" Perl alishangilia, akachovya mkono pipani akampa tango la bure. Bi Hinde alilipokea, akaanza kutembea, polepole kama siku zote, na hakuna aliyeona kwamba polepole ya leo haikuwa ya ujanja.

Alipokuwa karibu na pipa la mwisho alisikia sauti nyuma yake.

"Rudi!"

Getzl alikuwa amesimama mlangoni, futi mkononi. Watu wakaangua kicheko. "Mzee amechanganyikiwa!" Perl akasema. "Ameshauza, ameshalipwa, bado anaita!"

"Rudi!" Getzl akaita tena. Hakuongeza mnyang'anyi, wala hakuwataja wanawe.

Bi Hinde aliweka mkono kwenye pipa, akapumzika. Kisha akageuka. "Jumapili, Getzl," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipaza sauti sokoni. "Na uniwekee bei mbaya!"

Alimwekea. Kila Jumapili mpaka sikukuu alimwekea bei za kutukana wafu, za foronya, za taulo, za vitambaa vya mikono, na Bi Hinde akazishusha kwa kunong'ona, akaondoka na kifungo chake. Sanda yake hakuishona usiku, aliishona mchana dirishani, penye mwanga mzuri, bila fundo.

Dvoyre aliolewa siku iliyopangwa. Malke aliulizia kitambaa cha meza, kile cha kitani ambacho Perl alikuwa amesimulia kila mtu bei yake, na Bi Hinde akamjibu kwamba ni kizuri mno, hakimwagiwi mvinyo, amekiweka. Malke alilia kidogo, lakini kwa ajili ya bibi harusi, kama inavyotakiwa. Kisha wapiga fidla wakaanza, wanawake wakashikana mikono, na Bi Hinde akaingia kwenye duara na viatu vyake vya Sabato. Alicheza. Ukumbi wote ulikuwa ukimtazama Dvoyre.

Isipokuwa upande wa wanaume, karibu na nguzo, Getzl Tsukerbroyt alisimama na glasi aliyosahau kuinywa. Kila duara lilipomchukua Bi Hinde hadi mwisho wa ukumbi, nyuma ya vichwa vya watu, midomo ya Getzl ilitikisika. Perl aliyekuwa akipita na sahani alidhani anaomba tango, akampa. Hakulichukua. Alikuwa akitazama mbele, akisema neno lile lile la mlangoni pa duka, na duara likamleta tena Bi Hinde, likampitisha mbele yake, likaendelea naye.